Kaka yuko gereza la Bangwe, Kigoma, miaka minne, aliishia darasa la saba, na hasira zinampanda: asome nini?

Dada wa Ujiji, kaka yako asianze na vitabu vya kidato cha nne. Kwanza Mtihani wa Maarifa, huu wanaouita QT (Qualifying Test). Akifaulu ndipo ajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwone mkuu wa gereza mapema, maana wengi hukwama kwenye usajili, si kwenye masomo. Peleka kaunta buku za kushonwa. Zenye waya huenda zikaishia getini.

Hasira ulizotaja hazitibiwi kwa mawaidha. Kila zikipanda, aandike mistari mitatu: kilichotokea, alichowaza, alichofanya. Ule wa katikati ndio wa kuchambua na mshauri.

Uliyosikia ya Brazil, kwamba wafungwa hupunguziwa kifungo kwa kusoma, ni kweli: kila kitabu mfungwa anachosoma na kukiandikia muhtasari hupunguza siku 4 za kifungo, mwisho vitabu 12 kwa mwaka. Kwetu utaratibu huo hakuna, asihesabu siku bure.