Suruali ya baiskeli kwa baridi ya Kitulo: kabla hujanunua ya nne, kaangalie siti

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni bwana mifugo huku Makete, nazunguka na baiskeli ya mlimani, siku za kazi vijijini, Jumamosi tunakusanyika wanne watano tunapandisha Kitulo au tunashuka Hamsini na Saba, ile barabara ya kona 57, mpaka Chimala halafu tunarudi na lori. Shida yangu suruali. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane baridi ya huku inauma, asubuhi unakuta majani yameganda. Jinzi ikilowa umande mpaka mchana haijakauka, traki inapitisha upepo kama chandarua. Halafu mwaka huu nimeshachana suruali tatu, zote palepale, paja la kushoto kwa ndani karibu na msamba, na mguu wa kulia unaliwa na cheni kila siku. Suruali maalum za baiskeli nimeziona mtandaoni, kwa bei ile nanunua ndama. Nina elfu 50. Ninunue nini kitakachodumu? Na zile zenye sponji matakoni zina maana yoyote?

JIBU: Salama kabisa bwana mifugo, poleni na baridi. Mimi niko Moshi, kazi yangu ni kushona na kukarabati nguo za mlimani, mahema, mabegi ya wapagazi, suruali za mvua, na hawa wanaopanda Kilimanjaro na baiskeli kwa njia ya Kilema wakirudi wamechanika nguo zinaishia mezani kwangu, kwa hiyo suruali zilizokufia kwenye baiskeli nimezifumua nyingi na nimeona zinaanzia kufa wapi.

Nianze na hizo tatu zilizochanika maana hapo ndo hela yako inapopotelea. Suruali tatu tofauti, zichanike sehemu moja, upande uleule? Hapo mgonjwa sio suruali. We mwenyewe unajua, ng'ombe watatu wa zizi moja wakikonda kwa pamoja huanzi kumlaumu ng'ombe, unaenda kuangalia wanakula nini. Kaikague siti. Chukua soksi ya nailoni, zile nyembamba za kina mama, ivae mkononi halafu pitisha mkono taratibu kwenye ukingo wa siti, hasa kushoto, na kule chini ambako ngozi imekunjwa ikashikana na plastiki. Pale soksi itakaponasa ndo penyewe. Mara nyingi unakuta ngozi imebanduka kidogo au kuna pini ya kubania imetokeza kwa kichwa tu, jicho haliioni lakini paja linapita pale maelfu ya mara kwa siku. Piga msasa, gundisha kipande cha tyubu juu yake, kwisha.

Kama soksi haijanasa popote, simama nyuma ya baiskeli uangalie pua ya siti imenyooka na fremu au imeelekea kushoto. Halafu urefu: kaa juu, mwenzako akushikie, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, goti linatakiwa linyooke bila kiuno kuinamia upande. Kiuno kikiinama kufuata pedali basi siti iko juu mno na we kila ukipiga pedali unajisugua kama mtu anayesaga unga, hakuna kitambaa kitakachovumilia hapo, hata kile cha bei ya ndama.

Haya, tuje kwenye baridi. Watu wengi wakisikia baridi wanatafuta suruali nzito. Mi mwenyewe nilikosea hapohapo miaka ya nyuma, nikachukua pale Memorial, soko letu la mitumba, suruali ya theluji, ile ina manyoya ya bandia ndani, nene kama godoro la mtoto, nikajiona nimepata. Kilometa mbili za kupanda nilikuwa nimelowa mpaka magotini, na sio mvua, jasho langu mwenyewe. Nilipofika juu nikageuza kushuka, lile jasho likawa barafu, nilishuka meno yanagongana. Suruali zile zimetengenezwa kwa mtu anayekaa kwenye kiti cha kamba anavutwa kwenda juu halafu anateleza kushuka, hapigi pedali yule. Mitumba yetu imejaa hizo na muuzaji atakwambia hii ndo ya baridi kaka, usimsikilize.

Baridi ya baiskeli ni upepo kwa mbele na jasho kwa ndani, basi. Mwangalie bodaboda wa huko kwenu asubuhi anavyovaa jaketi mbele nyuma, zipu iko mgongoni, yule hajasoma popote lakini amejua upepo unatokea wapi. Ukiwa umesimama kwenye nyuzi joto 5 unavumilia vizuri tu, ila ukishuka kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa mwili unasikia kama ni nyuzi 0, na ngozi ikiwa imelowa inakuwa mbaya zaidi kwa sababu maji yanaondoa joto mwilini haraka mno kuliko hewa kavu. Ndo maana jinzi inakutesa. Ile ni pamba, inakunywa maji na inayashikilia, halafu inakuwa nzito na inakaza goti. Kwa Kitulo, juu ya mita 2,600 huko, jinzi achia watu wanaoenda kwenye harusi.

Kwa hiyo usinunue suruali moja nene, nunua mbili nyembamba. Ya nje ya kuzuia upepo, ya ndani ya kubana na kutoa jasho, na zote mbili utazipata mtumbani ndani ya hiyo elfu 50 na ukabaki na hela ya fundi.

Ya nje tafuta zile suruali za kutembelea milimani, nyepesi, za nailoni. Sasa hapa watu wengi wanapigwa: kwenye lebo za Ulaya huikuti nailoni, wanaandika Polyamide au Polyamid, ndo hiyohiyo. Ukikuta Polyamide asilimia 90 na kitu na Elastane kidogo, yaani ule uzi wa mvuto, labda 4 mpaka 10, shika hiyo usiiachie mpaka umalize kukagua. Poliesta nayo sio mbaya, inakauka haraka kabisa, ila kwa uzito uleule nailoni inavumilia kusuguliwa kuliko poliesta, na siti ni kusuguliwa tu muda wote. Ukikuta Cotton 98 hata kama ina mifuko kumi na muuzaji anaapa kwa mama yake, rudisha.

Lebo ikiwa imekatwa, na nyingi zimekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo kwa ndani uwashe na kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi na inaacha majivu laini. Nailoni na poliesta zinajikunja zinayeyuka zinakuwa kakijiwe kagumu. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Muuzaji atakukasirikia kidogo, we mwambie ni uzi tu.

Halafu iweke mdomoni upulize kwa nguvu, mkono mwingine uwe upande wa pili. Hewa ikipita yote, hiyo ni traki nyingine. Isipopita hata kidogo, hapo nayo ni mfuko wa nailoni, utapikika ukipanda. Unataka ile ya kati, unasikia ujoto kidogo tu. Ukibahatika kuna zile ambazo mbele ya paja na goti kitambaa kimekaza na nyuma ya goti ni chepesi chenye matundu, hiyo ndo yenyewe hasa, maana mbele panapigwa na upepo na nyuma panatoa jasho, nimeziona mbili tatu tu kwa mwaka na zote hazikumaliza saa moja mezani.

Sasa igeuze nje ndani. Mishono minne ikikutana msambani kwenye nukta moja kama msalaba, hapo ndo itakapochanikia na ndo hapohapo unapokalia. Nzuri inakuwa na kipande cha ziada kimeshonewa pale, kama almasi au kama ulimi, mishono inakuwa imesogezwa pembeni. Inyanyue uiangalie na jua, kama matakoni mwanga unapita kuliko kwenye goti basi mwenye nayo wa kwanza alishaikalia vya kutosha. Mwisho ivae palepale juu ya nguo yako uchuchumae kabisa, usione haya, nyuma isishuke ukaonekana chupi na pindo lisipande juu ya kifundo cha mguu. Kwenye baiskeli unainama, suruali inayokutosha umesimama ni fupi ukikaa.

Ya ndani ni taitsi ya poliesta yenye mvuto, zile za wachezaji au za kukimbilia, hata za kike haijalishi nani atakuona. Iwe imebana ila isikate nyuma ya goti. Goti ndo la kulinda hasa, mi nyuzi zikishuka chini ya 15 sipandi baiskeli magoti wazi, hata jua likiwa linawaka.

Hela iliyobaki mpelekee fundi cherehani kabla hujaivaa hata siku moja, sio baada ya kuchanika. Mwambie akuwekee kiraka kwa nje kuanzia matakoni mpaka ndani ya mapaja, kipande kimoja kizima kisicho na mshono katikati, na ukingo wake uwe mviringo maana kona ndo zinaanza kubanduka. Kitambaa cha kiraka nenda na begi la zamani la mgongoni lililokufa zipu, kitambaa chake huwa kigumu mno, au sakafu ya hema kuukuu. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba unaoza kwa jasho, na kwa kuwa suruali inavutika ashone zigizaga, akishona mstari mnyoofu siku ya kwanza ukirusha mguu kupanda utasikia taratata. Mimi hapa kiraka hicho natoza elfu 6, huko kwenu sijui lakini fundi asizidishe sana.

Kuna kijana mmoja hapa anaongoza wageni, suruali yake ilikuja kwangu mpya nikaiwekea kiraka cha begi la shule la mtoto wake, la bluu, suruali yenyewe ya kijivu, wenzake wakamcheka sana. Huu mwaka wa nne anayo. Kiraka nimekibadilisha mara moja, suruali bado.

Kutunza ni kidogo tu. Usitie jiki, jiki inakata ule mvuto kwenye taitsi inabaki imelegea kama soksi ya mzee. Usitumie zile dawa za kulainisha nguo zenye manukato, zinaziba kitambaa kisitoe jasho. Na hili la huko kwenu nalisema kwa sababu nimeletewa nyingi: msikaushie jikoni kwenye kuni. Cheche moja ndogo kwenye nailoni ni tundu, na ukiisogeza karibu na moto hata bila cheche inajikunja. Tundika tu barazani kwenye upepo, nailoni haihitaji moto.

Mvua sijaigusa sana kwa sababu hiyo miezi unayoiulizia tabu yenu ni umande na upepo, mvua zenu zinaanza mwezi wa 11. Ikifika wakati huo beba suruali nyepesi ya mvua kwenye begi, panda bila hiyo, ivae ukifika juu ukiwa unaanza kushuka. Ukipanda nayo utalowa kwa ndani vilevile. Na siku ukisahau yote, gazeti. Kweli kabisa, waendesha baiskeli wa mashindano ya Ulaya walikuwa wanapachika gazeti kifuani chini ya jezi kabla ya kushuka mlima, mi nimelipachika mapajani kati ya taitsi na suruali na lilinifikisha nyumbani, japo nilipovua wino ulikuwa umehamia kwangu.

Sponji: ina maana kama unakaa kwenye siti zaidi ya saa moja kwa mfululizo, kwa mizunguko yako ya kushuka kila zizi haina umuhimu, kwa Jumamosi inao. Ila usinunue suruali nzima kwa sababu ya sponji, nunua ile kaptula ya ndani peke yake, unaivaa chini ya taitsi, na chini yake hakuna chupi, narudia hakuna, mishono ya chupi ndo inayochubua. Na isiwe ya mtumba, hiyo moja kanunue mpya hata kama utasubiri mwisho wa mwezi, na ifuliwe kila ukivaa.

Nimebakiza mguu wa kulia. Kata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli kwa kufuata urefu wa tyubu, upana vidole viwili, kiwe kama mkanda mrefu wa kutosha kuzunguka mguu na kufunga fundo. Kunja suruali kwa nyuma, zungushia juu ya kifundo cha mguu, fundo likae upande wa nje mbali na cheni. Kata viwili kabisa maana Jumamosi kuna mwenzako atakuomba kimoja.