Nyie mnaoanza milango ya gereji, ile kamba nyekundu iacheni kwanza

Jumanne nimepiga kelele mpaka jirani wa mteja akatoka nje na taulo. Dogo tuliyempa gari mwezi uliopita yuko juu ya ngazi, mlango wa futi 16 umefunguka wote, mkono wake tayari uko kwenye kamba nyekundu, ile ya kuachanisha mota na mlango, na huko nyuma ya kisogo chake springi ya kushoto imeachana, pengo la inchi mbili unaliona hata ukiwa barabarani. Nikamuuliza ulikuwa unafanya nini, akanijibu, "Nilikuwa naitenga mota kaka, nione kama tatizo ni mota." Jibu hilo hilo nililitoa mimi miaka tisa iliyopita, karibu neno kwa neno, kwa hiyo siwezi hata kumtukana vizuri.

Basi nimekaa naandika. Hapa Columbus, Ohio, peke yake nawajua vijana wa Goma, wa Bujumbura, wa Mombasa, wa kwetu Tanga, wote mmeingia kwenye hii kazi na wote mnafanya makosa yale yale kwa mpangilio ule ule kama vile kuna mtu anawapa ratiba. Mnajua kazi, sitaki kuwafundisha rola ni nini. Someni tu.

1. Springi kwanza, kabla hujashusha hata boksi la vifaa. Mota hainyanyui mlango jamani. Springi ndo zinabeba, mota ni konda, inagonga bodi tu na kupiga kelele, gari inaendeshwa na mwingine. Mteja atakwambia opena, yaani hiyo mota, imekufa, na yeye hana kosa, kwake opena ndo kitu pekee chenye taa na kelele. Ila wewe ukiingia na wewe unaangalia taa, basi mko wateja wawili mle ndani. Springi ya kawaida inahesabiwa kufungua na kufunga mara 10,000 hivi, familia inayofungua na kufunga mara nne kwa siku inazimaliza kama miaka saba, na ndo maana ukienda kwenye mtaa uliojengwa mwaka mmoja utakuta zinakatika nyumba kwa nyumba kama mafua. Halafu Januari ikifika, asubuhi ya baridi kali, chuma kimekakamaa, simu ya ofisi hailali.

2. Vyuma vya kukazia springi ni vyuma vya kukazia springi, unene nusu inchi, urefu inchi 18, vinaingia mpaka mwisho wa tundu la koni, kile kichwa cha chuma kwenye ncha ya springi. Bisibisi sio chuma cha kukazia. Nikikukuta na bisibisi kwenye koni nakushusha ngazi mbele ya mteja, na sitaomba radhi.

3. Kamba nyekundu.

Ilikuwa Januari yangu ya kwanza, mwezi wa tatu tangu nipewe gari langu mwenyewe, na nilikuwa najiona sana. Mteja alikuwa mama mtu mzima, Msomali aliyekulia Mombasa, na alivyosikia tu salamu yangu akajua, basi Kiingereza kikaishia hapo hapo, chai ya iliki ikaletwa huko huko gereji, ikawa mwanangu huku mwanangu kule. Akanieleza mlango unapanda kwa shida siku ya tatu sasa, mota inalia kama mbuzi wa Idi. Ili anipe nafasi akarudisha gari nyuma, Corolla, ila nje kulikuwa na barafu kwenye mteremko akaogopa, akaliacha nusu ndani nusu nje, buti lote chini ya mlango. Mjukuu wake, mtoto wa miaka minne hivi, anazunguka na skuta, anatoka, anaingia, anatoka.

Mi kichwani nilishamaliza kazi: mota. Na niseme ukweli kwa sababu ndo maana naandika, ndani ya gari langu kulikuwa na mota mpya kwenye boksi, na mota mpya ilikuwa na kamisheni, springi haikuwa nayo kivile. Nikabeba ngazi nikaiweka huko ndani kabisa, chini ya mota, mgongo nimeupa mlango. Springi ziko wapi? Juu ya mlango. Yaani ziko nyuma yangu, na kugeuza shingo ni bure, hakulipiwi, na sikugeuza.

Bibi akamwita mtoto aje anywe maziwa. Mtoto akaacha skuta kwenye ngazi za kuingilia ndani, akaenda. Nikavuta kamba.

Mlango ulianza taratibu, kama mtu anayekumbuka kwamba amesahau kitu. Halafu rola zikafika kwenye kona ya reli, na hapo ndo nikageuka, na hapo ndo nikaiona ile springi imeachana, na nikanyoosha mkono, sijui nilitaka kuushika na nini, niko futi kumi na mbili kutoka pale. Mlango wa chuma wa futi 16 kwa 7 wenye insulesheni huwa kama kilo 70 au zaidi. Springi moja ikikatika, karibu nusu ya uzito huo haina mwenyewe, na kitu pekee kilichokuwa kinaushikilia juu siku zote tatu ni ile toroli ya mota, kile kishikio kinachouvuta mlango, niliyoiachia mimi kwa vidole viwili. Ukashuka juu ya buti. Kioo cha nyuma kikamwagika chote kwa pamoja, kama mtu amepindua gunia la sukari ya mawe. Kimya kidogo, halafu ndani nikasikia "Bismillahi!"

Nikaangalia chini. Sakafuni kulikuwa na maji ya theluji yaliyoyeyuka kwenye matairi, na kwenye yale maji kulikuwa na mistari ya skuta. Imepita pembeni ya gari, ikapita pale pale mlango unapotua, ikaenda nje, ikakunja, ikarudi. Hiyo mistari naiona mpaka leo nikishika kamba yoyote nyekundu.

Sasa sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu kazini. Nilimpigia bosi nikamwambia springi imekatika wakati nafanya kazi. Imekatika tu, bahati mbaya, ghafla. Uongo ulitoka laini kabisa, hata mimi nilikaribia kuuamini. Akaja, mzee mmoja wa hapa hapa Ohio, haongei sana, miaka yote ya utu uzima wake ameshinda juu ya ngazi. Hakuangalia gari. Hakuniangalia mimi. Alipanda, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya springi pale ilipoachana, akashuka, akanionyesha kidole. Kilikuwa na kutu, kahawia, imeingia mpaka kwenye mistari ya ngozi. Springi iliyokatika sasa hivi ncha yake inang'aa kama shilingi mpya. Ile ilikuwa imelala siku tatu kwenye gereji yenye unyevu na chumvi ya barabarani, na ilikuwa inasema ukweli wakati mi nadanganya.

Hakusema neno. Akanyoosha kidevu kuelekea mlango wa ndani, yaani nenda kamwambie mwenyewe.

Nikavua viatu, nikaingia, nikamwambia mama kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza ningejificha kwenye maneno ya kampuni. Springi ilikuwa imeshakatika kabla sijafika, mama, na mimi sikuangalia. Akakaa kimya. Akauliza, "Na mtoto alikuwa wapi?" Nikamwambia. Akaweka kikombe mezani polepole, akaniangalia mikono. "Kaa, mwanangu. Unatetemeka."

Gari likalipwa na bima ya kampuni, na mi nikarudishwa miezi miwili kumshikia tochi fundi mwingine.

Kwa hiyo. Mlango uko juu na springi imekatika: kamba usiguse. Watu na gari watoke kabisa chini ya mlango, vaisi gripu (koleo za kujifunga) kwenye reli chini ya rola ya mwisho pande zote mbili, mwenzako aje, ndo muutenge na muushushe kwa mikono minne. Huna mwenzako? Piga simu, subiri, kunywa chai. Mlango uko chini, vuta kamba utakavyo.

4. Springi mbili, badilisha mbili. Zimezaliwa siku moja na zimefanya kazi sawa, hiyo nyingine inakuja wiki ijayo na mteja atakuita mwizi.

Kuzipima, hesabu koili 20, pima urefu, gawa kwa 20. Urefu ukiwa inchi nne na moja ya nane hiyo ni waya wa 207, yaani unene wa inchi 0.207, ukiwa tano kamili ni 250, na usikadirie kwa jicho, jicho haliwezi kutofautisha 218 na 225 ila mlango unaweza. Springi iliyosokotwa kulia inakaa kushoto kwa breketi ya katikati ukiwa umesimama ndani, najua inachanganya, na koni nyeusi kwa kawaida ni ya kulia, nyekundu ya kushoto, ila rangi hupakwa na binadamu kwa hiyo angalia waya wenyewe unavyozunguka. Mlango wa futi 7 kwa dramu za kawaida, zile puli za kamba ya chuma, unakaza robo 30 za mzunguko. Piga mstari wa chaki kwenye springi kabla hujaanza, ukimaliza mistari itakuhesabia hata kama mteja alikuwa anakupigisha stori za timu ya chuo, maana Columbus hii mteja atakupigisha stori za timu ya chuo. Na skrubu za koni ukizikaza kwa hasira unabonyeza bomba, anayekuja baada yako atakulaani, na mara nyingi anayekuja baada yako ni mimi.

Ukikuta springi hazionekani kabisa, zimeingia ndani ya bomba, hiyo ni TorqueMaster, aina ya kampuni ya Wayne Dalton, ina taratibu zake, shuka uulize.

5. Macho ya sensa. Tangu 1993 mota zote mpya za nyumbani huku lazima ziwe na kinga ya kuzuia mlango usimbane mtu, na mara nyingi ni haya macho, yanakaa inchi 6 kutoka sakafuni, yasizidi. Nimekuta gereji mbili mwaka huu mtu ameyafunga kwa tepu juu kwenye dari yanatazamana kama wachumba, eti yalikuwa yanasumbua. Yarudishe chini kabla hujafanya kingine, na mteja akikataa, andika kwenye risiti, ondoka.

Kuna nyumba moja inaangalia magharibi, mlango haufungi jioni tu. Asubuhi unafunga, mchana unafunga. Walishaenda mafundi wawili mchana, wakabadilisha macho, wakabadilisha waya, wakachukua hela. Mi nikaenda saa kumi na moja nikakaa kwenye ndoo. Mwenye nyumba alikuwa ananiangalia dirishani, nadhani alianza kuogopa. Saa kumi na mbili kasoro jua likashuka chini ya mti wa jirani, likaingia moja kwa moja kwenye jicho linalopokea, taa ya kijani ikafifia, ikazima. Nikahamisha, linalopokea likaenda upande wenye kivuli, linalotuma likaja kwenye jua. Dakika kumi na tano. Kukaa kwenye ndoo ilikuwa saa nzima na nilimtoza saa nzima, na alilipa anacheka.

6. Rimoti zote zimekufa ila kitufe cha ukutani kinafanya kazi: mtu amebonyeza LOCK, kitufe cha kufunga rimoti pale pale ukutani. Bonyeza, shikilia, imeisha. Msijifanye mnajua, mi niliwahi kumwandikia mtu bei ya bodi mpya ya umeme ya mota, mtoto wake wa darasa la tatu akaja akabonyeza kile kitufe.

7. Rimoti inafanya kazi ukiwa karibu tu, toa taa za LED zilizo kwenye mota, huwa zinavuruga mawimbi ya rimoti, ujaribu tena.

8. Mota inaunguruma na cheni haiendi, fungua kifuniko. Ukikuta unga mweupe kama sembe, gia ya plastiki imeliwa. Ila kabla hujaweka gia mpya tenga mlango ukiwa chini, unyanyue kwa mkono mpaka kiunoni, achia. Ukikaa hapo, sawa, gia ilizeeka. Ukianguka, rudi namba moja, maana gia haikujifia, iliuawa na springi.

9. Reli hazipakwi grisi. Bawaba, beringi za rola, springi, basi. Nani huwa anawafundisha kupaka reli grisi? Kila siku nafuta.

Dogo wa Jumanne, hajaongea na mimi tangu siku ile, anasema nilimdhalilisha mbele ya mwenye taulo. Sawa. Leo asubuhi lakini nimemuona kwa mbali anashuka kwenye gari lake, mikono mitupu, amesimama mlangoni anaangalia juu, shingo imepinda kabisa, kama dakika nzima. Sikumsemesha.

Na aliyechukua vile vyuma vyangu vya kukazia, vyenye tepu ya bluu kwenye vishikio, avirudishe kwenye kabati leo leo. Nina springi saa mbili asubuhi.