Kabla ya kuamini namba ya kidoleni

Wadogo zangu mnaoanza staji hospitalini, wiki ya kwanza mtakabidhiwa ile klipsi ya kidole inayopima oksijeni katika damu, saturometa, na mtaipenda mara moja. Hakuna sindano, mtoto halii, na baada ya sekunde chache namba imetoka. Nami naipenda, maana inaokoa watu. Ila nataka muielewe vizuri kabla haijawazoesha kuangalia namba na kumsahau mgonjwa.

Anzeni na jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu karibu makosa yake yote yanatoka hapo. Upande mmoja kuna taa mbili: nyekundu, ya nanomita 660 hivi, na ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ya 940 hivi. Upande wa pili kuna kipokezi cha mwanga. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni katika damu: iliyobeba oksijeni huachia mwanga mwekundu upite na kumeza zaidi infraredi. Isiyobeba hufanya kinyume. Shida ni kwamba ngozi, nyama na damu ya vena, inayorudi moyoni, navyo vinameza mwanga. Aliyeitatua ni mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akitafuta kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, na mapigo ya mshipa yakawa yanamvurugia vipimo. Akaona kwamba kile kinachomvuruga kina faida: kinachopanda na kushuka kwa kila pigo ni damu ya ateri, inayotoka moyoni, vingine vyote vimetulia. Basi kifaa huchukua sehemu inayopiga tu, hulinganisha taa mbili, kisha hutoa asilimia.

Kwa hiyo pasipo pigo zuri hakuna namba ya kuaminika. Tazameni kwanza lile wimbi la mapigo kwenye kioo cha kifaa, na mhesabu mapigo kwa mkono muone kama yanalingana. Mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi asubuhi vidole vinakuwa baridi kabisa. Pasheni mkono joto, futeni rangi ya kucha, jaribuni kidole kingine. Hayo ni mepesi, mtayazoea.

Jambo la makala, yaani makaa ya kupikia, ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Usiku wa baridi, katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Ruashi, watu wanaingiza mbabula, jiko la makala, chumbani, wanafunga dirisha na kulala. Asubuhi mnaletewa mama anayetapika, kichwa kinamuuma, anajibu maswali ovyo, na watoto wake nao wamelegea. Mnaweka klipsi: 99. Gesi ya makala, monoksidi ya kaboni, imekalia hemoglobini mahali pa oksijeni, na kwa mwanga mwekundu hemoglobini ya namna hiyo inafanana sana na iliyobeba oksijeni. Taa mbili haziwezi kuzitofautisha. Hapo kipimo chenu ni swali: "Mama, jana usiku mlilala na mbabula ndani? Na wengine nyumbani wanaumwa kichwa?" Wakisema ndiyo, mtoeni kwenye hewa ile, mpeni oksijeni nyingi kwa maski, mwiteni daktari. Kwa hewa ya kawaida gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu. Kwa oksijeni safi ni saa moja na kitu. Mtu asije akamvua mgonjwa maski kwa sababu namba "ni nzuri".

Jambo la pili lenye uzito ni mtoto wa malaria aliyeishiwa damu. Klipsi inasema hemoglobini iliyopo imejazwa oksijeni kwa asilimia ngapi. Haisemi hemoglobini yenyewe ni kiasi gani. Fanyeni hesabu: gramu moja ya hemoglobini hubeba mililita 1.34 hivi za oksijeni. Mwenye gramu 12 kwa desilita, akiwa na 98, anabeba karibu mililita 16 katika kila desilita ya damu. Mwenye gramu 4, naye akiwa na 98 ileile, anabeba 5 na kidogo. Namba moja, watoto wawili tofauti kabisa. Wa pili viganja vyake ni vyeupe, ukivuta kope la chini hakuna wekundu, anahema haraka na moyo unakimbia. Huyo achomwe kidole apimwe hemoglobini sasa hivi, na itafutwe damu ya kumwongezea.

Kuna pia rangi ya ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha klipsi na damu ya ateri iliyochotwa. Pale klipsi iliposoma kati ya 92 na 96, ukweli ulikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, na 3.6 tu vya Wazungu. Wodini kwetu karibu kila mgonjwa ni Mweusi. Ndiyo maana 92 kwa mtoto anayevuta mbavu hainitulizi hata kidogo. Wala msitafute kisingizio cha mwinuko: mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi, na mtu mzima mwenye afya hapa hashuki hadi 89.

Kwa watoto wachanga wenye macho ya njano kuna kifaa kingine, kinachomulika ngozi ili kukadiria bilirubini, ile rangi ya njano iliyo katika damu. Ni kizuri kwa kuchuja. Mtoto akishawekwa chini ya taa ya buluu inayotibu manjano, ngozi yake imebadilishwa na ile taa, kwa hiyo rudini kwenye damu.

Mwisho, saa za mkononi zinazouzwa kwamba zinapima sukari bila kuchoma. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasizitumie, kwa kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo. Vile vibandiko vya mkono vya kupima sukari vinavyoaminika vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, na hupima majimaji yaliyo kati ya chembe, hivyo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Papa mwenye kisukari akikuonyesha saa yake kabla ya kujichoma insulini, usimcheke. Mwambie kwa heshima: "Papa, hii ibaki ya kuhesabu hatua. Nipe kidole, tupime tone moja la damu, halafu tupange dozi."