Amua kwanza maandishi yatakaa wapi, ndipo upange vituo vya gradienti

Gradienti nyingi (rangi moja inayogeuka taratibu kuwa nyingine) ninazokutana nazo kwenye programu za simu zina rangi nzuri zilizopangwa vibaya. Msanifu amehangaika kuchagua rangi, halafu suala la wapi rangi moja iishe na nyingine ianze akaiachia Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu. Usipotaja vituo, yaani mahali pa kila rangi kwenye gradienti, Flutter huzigawa rangi sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mstari wa maandishi huangukia juu ya rangi yake.

Chukua kadi ya salio kwenye programu ya fedha. Tuseme juu ni kijani iliyokoza, #00695C, chini ni rangi ya machungwa, #FF9800, na maandishi ni meupe. Juu ya kijani hiyo uwiano wa utofauti, yaani kiasi mwanga wa maandishi unavyotofautiana na wa rangi iliyo nyuma yake, unazidi 6 kwa 1. Juu ya machungwa unaporomoka hadi karibu 2 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa na programu zisomeke na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Mtu akitoa simu juani saa saba mchana, salio lililo juu ataliona, lakini tarehe iliyo chini atabaki kuikisia.

Huna haja ya kubadilisha rangi. Andika stops: [0.6, 1.0]. Asilimia 60 ya kwanza itabaki kijani tupu; weka maandishi yote humo, hata tarehe, na mabadiliko yatatokea chini yake, mahali pasipo na neno la kusomwa. Kumbuka tu kwamba idadi ya vituo lazima ilingane na idadi ya rangi. SwiftUI ya iPhone na Jetpack Compose ya Android, zana nyingine za aina hiyo, nazo hukuruhusu kutaja mahali pa kila rangi kwa namba kati ya 0 na 1.

Ukifanya hivyo, huenda ukaona kama mstari hafifu pale kijani inapoanza kugeuka. Mstari huo haumo kwenye skrini. Ni jicho linalotia chumvi mahali ambapo mabadiliko yameanza ghafla, jambo ambalo mwanafizikia Ernst Mach alilieleza tangu 1865. Mimi huongeza kituo kimoja kwenye 0.72 chenye kijani iliyosogea kidogo sana kuelekea machungwa, ili mwendo uanze taratibu.

Angalia pia katikati. Wastani wa rangi hizi mbili ni takriban #80812E, rangi iliyofifia kama tope. Bluu tupu na njano tupu ni mbaya zaidi: zinakutana kwenye kijivu kabisa. Hapo weka rangi ya tatu kwa mkono wako. Kati ya kijani na machungwa, kijani changa inayoelekea njano hurudisha uhai.

Kosa jingine ninaloliona sana ni kufifisha nyeupe kwa Colors.transparent. Katika Flutter, hiyo ni nyeusi yenye uwazi kamili, kwa hiyo njiani hutokea ukungu wa kijivu. Tumia nyeupe ileile yenye uwazi kamili.

Kwenye mandhari ya giza tatizo hugeuka. Kutoka #121212 hadi #1E1E1E kuna hatua 12 tu za mwanga. Ukizitandaza kwenye pikseli 2400, kila hatua inakuwa utepe wa pikseli 200 hivi unaoweza kuonekana. Vuta vituo vikaribiane, au tumia rangi moja.

Mwisho, ongeza ukubwa wa herufi kwenye mipangilio ya simu, kisha fungua kadi yako tena. Kituo cha 0.6 ni sehemu ya urefu wa kadi, hakijui maandishi yameishia wapi. Herufi zikikua, mstari wa chini unaweza kuteleza hadi kwenye machungwa. Kwa kadi zenye maneno mengi, mimi huweka maandishi kwenye kisanduku cha kijani tupu, na gradienti ikaanzia chini ya kisanduku hicho.