Bizari haikugeuka rangi: je, tunakunywa asidi?

Swali: Mwalimu, salamu. Binti yangu wa gredi ya 6 alipewa kazi ya kupima asidi na besi kwa vitu vya jikoni. Alipaka karatasi maji ya bizari ya manjano, akaianika. Sabuni iliigeuza nyekundu, ndimu haikufanya kitu, na maji yetu ya kisima pia hayakufanya kitu. Jirani anayeuza maji ya alkali, yaani yenye besi, akasema hiyo ni dalili tunakunywa asidi. Akadondosha matone yake ya kupimia kwenye gilasi mbili za maji: maji yetu yakawa kijani, yake buluu. Ananishauri mtoto anywe kijiko cha baikabonati kila asubuhi. Nifuate? – *Mama Salma, Kisauni, Mombasa*

Jibu: Usimpe, mama. Binti amefanya kazi yake sawasawa. Aliyeisoma vibaya ni jirani.

Bizari hubaki ya njano kwenye asidi, na hubaki vilevile kwenye maji ya kawaida. Huanza kuwa nyekundu pale pH (kipimo cha asidi na besi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi) inapopita 7 na nusu hivi. Aliyewahi kusugua kanzu iliyomwagikiwa mchuzi kwa mche wa sabuni ameliona doa likigeuka jekundu, na akilikamulia ndimu linarudi njano. Kwa hivyo karatasi isiyogeuka imesema hapa hakuna besi ya kutosha, basi. Akitaka kuiona asidi, achemshe kabeji ya zambarau: maji yake huwa ya waridi kwenye ndimu au siki, na buluu ya kuelekea kijani kwenye baikabonati.

Na hayo matone? Kwa kawaida, kwa matone ya aina hiyo kijani ndiyo rangi ya maji yasiyo asidi wala besi. Jirani amekuonyesha kwa mkono wake kwamba maji yako si asidi, kisha akakutisha nayo! Tia chembe za baikabonati kwenye gilasi yako, mwambie adondoshe tena. Yatakuwa buluu kama yake ya kulipia. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na lile gamba jeupe ndani ya birika ni madini hayohayo, kalisi kabonati. Binti akwangue kipande, akitilie siki, atakiona kikitoa povu la kaboni dayoksaidi. Kisima cha huku kikiwa na shida, mara nyingi ni chumvi au vijidudu vya choo kilicho karibu, na matone hayo hayaoni hata kimoja.

Biashara hii imenichosha. Tumbo lina asidi yake, pH 1.5 hadi 3.5, nayo ina kazi: kusaga chakula na kuua vijidudu. Damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45 kwa kazi ya mapafu na figo, si kwa chupa ya mtu. Kijiko cha chai cha baikabonati kina zaidi ya miligramu 1,000 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima. Sembuse mtoto, tena kila asubuhi.

Kinachoniudhi zaidi ni ile imani kwamba asidi ni adui na alkali ni rafiki. Ndimu ni asidi, na twaikamulia samaki. Kostiki soda ya wapika sabuni na wazibuaji mabomba ni alkali, nayo ikimezwa huyageuza mafuta ya mwili kuwa sabuni, ikazidi kuzama ndani ya nyama. Halafu watu huikoroga na kuiweka kwenye chupa ya soda chini ya sinki! Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, nayo ni alkali. Ukiichanganya na siki au dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Majaribio ya watoto yaishie kwenye siki, ndimu, sabuni na baikabonati, na wasijipanguse macho kabla ya kunawa. Mtoto akimeza kostiki, msimpe ndimu wala siki ati ziuane, wala msimtapishe. Asukutue mdomo kwa maji, mumkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.