Koki zote zimefungwa, mita bado inazunguka

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinaishia na sentensi inayofanana: "Fundi amesema tubomoe." Mimi mwenyewe ni fundi bomba na nyundo ninayo, lakini nawaomba tuiweke chini kwanza. Maji yanayovuja hujitaja yenyewe: kwa saa yanapotokea, kwa mahali yanapotokea, na mara nyingine kwa sauti. Mwenye nyumba aliyetulia, akiwa na penseli na tochi, anaweza kubaini mengi kabla hata kigae kimoja hakijavunjwa.

Swali: Bili ya maji imepanda karibu mara mbili na matumizi yetu hayajabadilika. Nimezunguka nyumba nzima, hakuna palipolowa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mita. Funga koki zote za ndani na za nje, waambie watu wa nyumbani wasivute choo wala kuwasha mashine ya kufulia, kisha andika namba zote zinazoonekana. Usiache zile nyekundu za mwisho. Nyeusi huhesabu uniti, na uniti 1 ni lita 1,000. Nyekundu ndizo zinazoonyesha lita, na uvujaji mdogo utauona huko. Subiri saa 1, ikiwezekana 2, usome tena. Mita nyingi pia zina kigurudumu au kipembetatu kidogo usoni kinachozunguka hata kwa maji membamba kama uzi. Kikijongea wakati kila kitu kimefungwa, kuna mahali maji yanapita.

Sasa gawanya nyumba. Funga koki kuu ya kuingiza maji ndani. Mita ikiendelea kuzunguka, tatizo liko nje, kati ya mita na nyumba. Ikisimama, tatizo liko ndani. Ukiifungua tena, funga koki ndogo moja moja, ya choo, ya sinki, ya hita, na kila mara rudi kuitazama mita. Kutembea huko kunachosha, najua, lakini mwisho wake utakuwa umelibana tatizo kwenye chumba kimoja.

Kama maji yako hupitia kwanza kwenye tangi, kipimo hiki peke yake hakitoshi, kwa sababu mita haijui kinachotokea baada ya tangi. Jioni jaza tangi, funga koki inayoliingizia maji, weka alama ya chaki au kipande cha tepu mahali maji yalipofika, na usiku huo mtu asitumie maji. Yakiwa yameshuka asubuhi, rudia usiku wa pili huku umefunga na koki ya kutolea. Yakishuka tena, tangi lenyewe lina ufa au kiungio chake kimelegea. Yasiposhuka, ni mabomba yaliyo chini yake.

Swali: Usiku nasikia tangi la choo likijijaza lenyewe kwa sekunde chache, halafu kimya. Hakuna aliyelitumia. Nipuuze?

Usipuuze hata siku moja. Choo ndicho mahali pa kwanza ninapotazama katika kila nyumba, kwa sababu maji yake huteleza taratibu kwenye ukuta wa bakuli na kuingia shimoni bila kulowesha sakafu. Anayeishi humo haoni kitu.

Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi na usivute kwa dakika 30. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini wa tangi haufungi vizuri. Funua kifuniko, funga koki ndogo ya ukutani, vuta maji yaishe, kisha pitisha kidole kuuzunguka mpira huo. Kidole kikitoka cheusi kama umeshika makaa, mpira umeanza kuoza na ubadilishwe. Vidonge vya klorini vinavyotumbukizwa ndani ya tangi ili choo kinukie huuharibu mpira huu haraka. Kama unavitumia, acha.

Pengine rangi haitatokea vizuri na bado tangi linalia. Hapo tazama bomba fupi lililosimama ndani ya tangi, linalopokea maji yakizidi. Maji yanapaswa kutulia sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wake. Yakiwa yanauramba mdomo huo, boya limekaa juu mno, au vali inayoongozwa na boya haikati maji. Shusha boya kwanza. Mara nyingi skrubu moja ndogo inatosha.

Swali: Koki ya jikoni inadondoka. Kila siku naikaza zaidi na kila siku inazidi. Je, ninunue mpya?

Acha kuikaza, ndugu yangu. Ndani ya koki ya kuzungusha kuna kipande cha mpira, washa kama tunavyokiita, kinachokaa juu ya tundu la chuma na kuliziba. Kila unapokaza kwa nguvu unausaga mpira huo dhidi ya ukingo wa tundu.

Funga maji, fungua koki yaishe, na ziba shimo la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Zungushia kitambaa kingine kichwa cha koki kabla hujaweka spana, usije ukakikwaruza. Ukishautoa mpira, upeleke kwenye mwanga. Mpya uso wake umenyooka na unabonyea. Uliochoka una mfereji wa duara uliochimbika, na ukiubana kwa kucha ni mgumu kama kwato. Kabla hujaweka mwingine wa kipimo kilekile, ingiza ncha ya kidole upapase ukingo wa lile tundu. Ukigusa kijino au mkwaruzo, usitegemee mpira mpya udumu. Ukingo huo husagwa kwa kifaa maalumu, ambacho fundi mwenye vifaa kamili anacho.

Koki za mkono mmoja ni habari nyingine. Ndani yake kuna kartriji, mara nyingi yenye visahani vya kauri, nayo hubadilishwa nzima. Nenda nayo dukani mkononi, kwa kuwa zinafanana sana na zinatofautiana kwa milimita.

Kama unajiuliza iwapo tone linastahili usumbufu wote huu, weka kikombe chini yake kwa saa 1. Ukikuta mililita 250, hizo ni lita 6 kwa siku, yaani zaidi ya lita 2,000 kwa mwaka.

Swali: Kuna doa la unyevu kwenye dari chini ya bafu la ghorofani. Mafundi wawili wamenipa majibu mawili tofauti, na wote wanataka kupasua. Nimwamini nani?

Usimwamini yeyote kati yao mpaka doa lenyewe liseme, na hata mimi niliyeko mbali usinipe imani yote. Leo chukua penseli uchore mstari kuzunguka ukingo wa doa, uandike tarehe na saa. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja, na kando yake andika mvua iliponyesha na bafu lilipotumika. Daftari hilo lina thamani kuliko maoni ya fundi ambaye hajalala nyumbani kwako.

Doa linalokua usiku na mchana bila kujali nani ameoga, na mita ikajongea wakati koki zote zimefungwa, ni bomba la kuleta maji. Bomba hilo lina presha saa zote. Doa linalokua baada ya kuoga tu, mita ikiwa imetulia kabisa, ni la maji yanayotoka: bomba la maji taka, kiungio cha shimo la sakafu, au vigae. Doa linalofuata mvua halihusiani na mabomba hata kidogo, hata likiwa chini ya bafu. Maji hufuata mkondo. Yanaweza kuingilia kona moja ya paa, yakatambaa juu ya boriti, yakadondokea mita kadhaa kutoka hapo.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba yenye doa kama lako. Bomba la bafu lilipita juu yake kabisa, na kila mtu, mimi nikiwemo, alikuwa ameshalihukumu. Tukapima kwa mita, haikujongea. Ndipo nikamwuliza mama mwenye nyumba doa hukolea lini. Akafikiri kidogo, akasema: jioni ambazo watoto wanaoga. Nikamwaga ndoo nzima moja kwa moja kwenye shimo la sakafu, nikashuka kutazama. Kukavu. Nikapanda tena, nikaelekeza maji ya bafu ukutani peke yake, kwenye kona ambapo vigae vya ukuta vinakutana na sakafu. Baada ya dakika kama 20 tone la kwanza likatokea darini. Saruji nyeupe ya kwenye kona ile ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, hauonekani mpaka upige magoti na tochi uilaze ubavu. Tuliikwangua, tukaacha kona ikauke siku mbili bila mtu kuoga, tukaziba kwa silikoni. Hatukugusa bomba lolote. Kama tungepasua, tungekuta bomba zima na ufa ungebaki palepale.

Kwa hiyo jaribu hivyo hivyo, kitu kimoja kwa wakati mmoja: shimo la sakafu kwanza, kisha ukuta, kisha sakafu, na kati ya jaribio na jaribio subiri angalau nusu saa. Ukivichanganya, hutajua kipi kimeleta tone.

Swali: Ukuta wa chumba changu cha kulala una unyevu lakini hakuna bomba humo. Je, ni uvujaji?

Huenda ni jasho la hewa tu. Bandika kipande cha plastiki angavu ukutani, ziba kingo zake zote kwa tepu, uache siku 1 au 2. Matone yakikaa juu ya plastiki, unyevu unatoka hewani na dawa yake ni madirisha. Yakiwa nyuma yake, yanatoka ndani ya ukuta.

Swali: Kiungio kimoja nimekizungushia tepu nyeupe ya tredi mara tatu na bado kinavuja.

Shika bomba mdomo ukikutazama, uzungushe tepu kuelekea mshale wa saa unakoenda. Ukienda kinyume, kiungio kitaifumua kadiri unavyokaza. Futa tepu ya zamani yote kwanza, ukaushe tredi, yaani ile mifereji ya kuzungushia iliyochongwa mdomoni mwa bomba, acha mzunguko wake wa kwanza bila tepu, na mizunguko 5 hivi inatosha. Lakini kama kiungio chako kina mpira ndani, kama zile hozi za chini ya sinki, tepu haisaidii. Badilisha mpira.

Swali: Bomba la plastiki lilipasuka usiku wa manane na tukahangaika kutafuta koki. Nini cha kufanya mpaka fundi afike?

Jambo la kwanza hufanywa mchana, siku yoyote kabla ya hiyo: kila mtu mzima nyumbani ajue koki kuu ilipo, na iwe inafungika. Koki isiyoguswa kwa miaka hukwama. Ifunge na kuifungua mara chache kwa mwaka.

Likipasuka, funga koki kuu, na kama kuna tangi juu funga na koki yake ya kutolea. Zima hita. Fungua koki iliyo chini kuliko zote ili maji yaliyobaki ndani yatokee huko. Maji yakiwa karibu na soketi au taa, zima umeme wa nyumba kwenye swichi kuu, mradi unaifikia bila kukanyaga maji. Ikiwa huwezi, kaa mbali na uwatoe watoto.

Tundu dogo linaweza kushikiliwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichozungushwa vizuri na kubanwa kwa klampu mbili za chuma. Hiyo ni ya usiku mmoja au miwili. Usipake gundi ya PVC juu ya ufa uliolowa, haitashika. Matengenezo ya kweli ni kukata kipande kibovu, kukausha kabisa, kuunganisha kipya, na kuacha gundi ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kurudisha presha.

Swali: Nimefunga koki kuu na mita bado inazunguka. Bomba limezikwa ardhini mita 30 hivi. Nichimbe lote?

Hapana. Tembea juu ya njia yake asubuhi wakati wa kiangazi, utafute majani mabichi kuliko ya jirani yake au udongo unaobonyea. Halafu usiku, kelele zikitulia, simika fimbo ya chuma juu ya njia ya bomba, si kwa kuipigilia, uweke sikio kwenye ncha ya juu. Uvujaji husikika kama mtu anayepumua kwa meno yaliyobanwa. Songa hatua moja moja. Bomba la chuma hubeba sauti mbali, kwa hiyo linganisha mahali kadhaa utafute penye nguvu zaidi. La plastiki hubeba kidogo, na ukisikia kitu, umeshakaribia. Chimba hapo kwa mkono.

Ukishatengeneza, usifukie. Rudisha maji, acha presha kamili kwa saa 1, ufute kiungio na kukizungushia karatasi kavu. Karatasi ikibaki kavu, weka mchanga usio na mawe kuzunguka bomba, piga picha, na upime umbali kutoka ukutani kabla ya kurudisha udongo.