Kamera ya Renjifainda Inadumu, Lakini Ipime

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, hizi kamera za renjifainda za filamu zinadumu kweli, au ni sifa tu?" Renjifainda ni kamera ambayo unalenga umbali kwa kuoanisha taswira mbili kwenye kidirisha chake. Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili. Nikaikumbuka harusi ya dada yangu, moyo ukauma upya.

Yangu nimeitumia miaka 9, wastani wa roli tatu za filamu kwa wiki, kila roli picha 36. Piga hesabu: shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, imefyatuka zaidi ya mara 50,000. Imenyeshewa, imeingia mchanga, imeporomoka ngazini. Rangi nyeusi imelika kwenye kona zote, na kila mkwaruzo najivunia. Betri ikiisha bado inapiga, kwa kuwa shata yake inaendeshwa na springi na gia. Betri ni ya kipima mwanga peke yake.

Kwa hiyo ndiyo, zinadumu. Leica M3, renjifainda ya Kijerumani, ilitoka mwaka 1954 na hadi leo wapo wanaoingia nayo mtaani kila siku. Leica M4 ya Garry Winogrand, mpiga picha wa mitaani wa Marekani, ilipitisha filamu nyingi mno hata matundu ya pembeni ya filamu yakaacha alama kwenye bamba la chuma linaloikandamiza mgongoni. Chuma kimelika kwa filamu!

Lakini kamera inaweza kudumu huku inakudanganya, na hapo ndipo nilipoumia.

Katikati ya kidirisha unaona taswira mbili za kitu kimoja. Unazungusha lenzi mpaka zioane. Ndani kuna mkono wenye kigurudumu kidogo kinachogusa nyuma ya lenzi. Mkono huo ukisogea kiasi cha unywele, jicho lako litaona zimeoana, filamu itapata kitu kingine. Wangu ulisogea siku ile ya ngazi. Sikujua, maana mchana nabana tundu la lenzi hadi 8 au 11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo na eneo linalotoka safi ni pana), na kosa linajificha. Ukumbini taa zilikuwa hafifu, nikafungua hadi 2. Nikapiga roli sita. Katika kila picha ya karibu macho ya dada yamefifia, ila ua lililobanwa nyuma ya shela limetoka safi, uzi kwa uzi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Fundi wa kwanza aliniambia tatizo ni mikono yangu. Maneno yale sijayasahau. Wa pili aligeuza skrubu moja mbele yangu, kazi ikaisha.

Basi ndugu zangu, pimeni. Weka lenzi kwenye umbali wa mwisho, tazama mwezi au mnara wa mbali: taswira zioane. Kisha rudi kwenye mita moja, fungua tundu lote, piga rula iliyolazwa mshazari, usafishe filamu uone ni namba ipi imekolea. Taswira zikipishana juu na chini ni kero tu. Zikipishana kushoto na kulia, picha zako zimekwisha. Ikianguka, pima. Ikitoka kwa fundi, pima tena.

Pazia la shata likiwa la kitambaa, usiiache kamera ikilitazama jua bila kifuniko: lenzi hukusanya miale na kutoboa. Toa lenzi, ingia gizani, mulika tochi kwa ndani. Ukiona nukta za mwanga, pazia limetoboka. Na usiifungie kabatini miezi mingi, maana mafuta huganda na spidi za polepole ndizo hukwama kwanza. Fyatua sekunde moja, usikilize kama gia zinasita. Filamu ya negativu husamehe sana mwanga uliozidi, kwa hiyo shata iliyochoka inaweza kukupita mwaka mzima bila wewe kujua.

Wewe uliyeniuliza, nunua. Ila roli ya kwanza usiipeleke kwenye shughuli ya mtu. Imalizie kwenye rula.